Oili Chafu Si Maji ya Kumwaga

Makala haya ni ya wale ambao kwao kuna gari, na hasa sisi tunaolitengeneza wenyewe uchochoroni ili kuokoa pesa ya fundi. Naona kubadilisha filta ya oili nyumbani ni jambo jema. Ninalolipinga ni vile tunavyoimaliza kazi yenyewe.

Ami yangu anauza viungo nyuma ya Marikiti, soko ambalo Waingereza waliliita Mackinnon Market. Nazi zake huzileta kutoka Kwale kwa Land Rover Series III, gari kuukuu lisilojua kukataa matope. Gari la njia kama hizo hula vumbi jingi na oili huchafuka upesi, kwa hiyo filta mpya si anasa.

Siku moja akanifundisha. Unawasha injini dakika chache oili ipate moto kidogo, ishuke vyema. Unazima, unatia karai chini ya injini, unafungua nati. Filta ya gari hili imo ndani ya kikombe cha chuma kilichoshikwa na bolti moja ndefu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Raba ya zamani hunata juu, ndani ya mfereji wake. Usipoichokoa, ukaweka mpya juu ya ile kuukuu, injini ikiwaka tu oili itatoka mbio! Ami aliichokoa polepole kwa ncha ya msumari. Mimi nikatia filta mpya na raba yake, nikakaza bolti, nikajaza oili, nikapima kwa kijiti. Hakuna hata tone lililovuja. Lo, nilijiona fundi kweli kweli.

Karai likabaki na oili karibu lita 7, nyeusi kama wino. Ami alikuwa amesharudi dukani, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Nikaimwaga yote mtaroni, na filta nikaitupa humo humo.

Alfajiri ikanyesha mvua, maana ilikuwa ni masika. Takataka pamoja na filta yangu ziliziba mtaro, maji yakapanda hadi pale mama mmoja alipokuwa ameshatandaza mchicha wake. Mafungu yote yaling'aa rangi rangi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hini mboga n'tamuuzia nani?" Ami alimlipa, nami nikambebea magunia Jumamosi nne bila hata soda.

Wapo watakaosema lita 7 si kitu, bahari yachafuliwa na wakubwa. Ni kweli, mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na mikoko ya hori ya Makupa ikafa. Lakini lile tangi lilitoboka; mimi nilimwaga kwa mikono yangu miwili. Tena mitaro yetu haina pengine pa kwenda ila baharini, na samaki wa huko ndio hao tunaowanunua.

Wengine hushauri ipakwe kwenye nguzo kuzuia mchwa. Mimi sikubali. Mvua huiosha ikaingia ardhini, na kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lenye vitundu vitundu. Visima vya Mji wa Kale vimechimbwa humo humo. Hata sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 93, yakataza kumwaga mafuta ovyo, na aliyemwaga ndiye anayedaiwa gharama ya kusafisha.

Siku hizi oili chafu nairudisha ndani ya mtungi ule ule ilimotoka oili mpya. Filta naipindua juu ya karai usiku kucha ijichuje. Kisha napeleka vyote kwenye gereji yenye pipa la kukusanyia. Ni mwendo wa robo saa, na ndiyo, mtungi ni mzito, mkono hukatika.

Ndiyo maana nawaomba walimu wetu na chama chetu tuwe na pipa letu hapa shuleni, wanafunzi walete oili za kwao na gereji ije kuichukua likijaa. Pipa lenyewe tunalo, lile la nyuma ya karakana. Linakosa mfuniko tu.