Meno mapya, shavu andazi

Wiki iliyopita kona hii hukuiona, na najua wapo mliodhani nimeoa kimyakimya. Wapi! Nilikuwa kitandani kwangu Sinza, shavu limeumuka kama andazi, mdomoni nina meno matatu ya plastiki.

Kisa ni bodaboda. Tulipiga shimo, mimi nikapiga lami. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakakatika hadi mzizini, la tatu likabaki linacheza kama mlango mbovu. Daktari akachukua kipimo, akatengeneza ya bandia, na siku aliyong'oa akanivalisha hapohapo. Sasa ubaya ni kwamba Jumamosi hii mimi ndiye emsii kwenye sendofu ya binamu yangu, na advansi nilishaila. Emsii kibogoyo umemuona wapi?

Ganzi ilipokwisha ndipo nikajua kazi ipo. Dokta alikuwa amenionya: usiyavue mpaka kesho nikuone. Saa 8 usiku nilitamani kuyatupa dirishani, lakini sababu yake ni ya kweli. Ukiyavua mapema, fizi zinavimba na hayarudi tena. Yakikaa, yanaukandamiza uvimbe na kukizuia kidonda.

Halafu uvimbe una ujanja wake. Siku ya kwanza unajiona mzima, siku ya pili na ya tatu ndiyo unatisha, baada ya hapo unaanza kunywea. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ni ya siku ya kwanza, dakika 15 hivi unaweka, unapumzika. Maji ya vuguvugu yenye chumvi ni kuanzia kesho yake, tena unayazungusha taratibu, siyo kusukutua kama unazima moto. Damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo dawa yenyewe. Washikaji wa sigara na soda ya mrija, mkiifyonza ikatoka, mfupa unabaki wazi na hayo maumivu hayasimuliki. Ukiona siku ya nne shavu bado linapanda, una homa, usaha au kumeza ni shida, rudi kwa dokta mbio, usingoje.

Kuna jirani yangu fundi seremala, mtu mwema kabisa. Nilipolalamika kwamba meno yananichoma upande mmoja akaja na msasa! Nikamwambia kaka asante, acha tu. Dokta ndiye anayeyapunguza, na kabla ya kwenda inabidi uyavae, ili alama nyekundu ionekane pale yanapogusa. Kwangu alikwangua kidogo tu, nikapumua.

Kula? Mtori na uji kwanza. Sasa nimefika kwenye wali na samaki, natafuna pande zote mbili vipande vidogovidogo. Muhindi wa kuchoma nautazama kwa mbali. Usiku nayavua, nayasugua kwa sabuni na brashi laini, nayalaza kwenye maji ya baridi. Ya moto yanayapinda.

Kazi iliyobaki ni kusema. Herufi "s" inatoka na filimbi, "f" inatoka na upepo, na mate yanajaa kwa sababu mdomo unadhani hicho ni chakula. Nimeambiwa dawa ni kusoma kwa sauti, kwa hiyo kila jioni nalisomea ukuta gazeti hili, kurasa zote mpaka matangazo. Mama Zawadi wa chumba cha pili ameshauliza kama nimeokoka.

Na siyo kwamba ndiyo imeisha. Fizi na mfupa vinaendelea kusinyaa kwa miezi kadhaa, meno yatalegea, itabidi yawekwe plastiki mpya kwa ndani ili yashike. Hela ya hiyo ndiyo naitafuta, Jumamosi ikiwemo. Jana nimefanya mazoezi mbele ya mama. "Familia" imetoka safi. "Sasa tufungue shampeni" imemrushia mate mpaka kwenye miwani. Mama akafuta, akasema, "Baba, wewe sema tu wafungue chupa."