Uwiano na Meno ya Baiskeli

Miongoni mwa mada za Hisabati zinazofundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, uwiano ni mojawapo ya zile ambazo watoto huzijibu bila kuzielewa. Mtoto aweza kugawanya shilingi 500 kwa uwiano wa 2:3 na kupata 200 na 300 pasipo kukosea. Lakini aulizwapo kwa nini gurudumu la meno lililo kwenye pedeli za baiskeli ni kubwa kuliko lile la nyuma, hunyamaza. Kasoro hii haitokani na ugumu wa mada. Inatokana na desturi ya kuwapa watoto maswali ambamo uwiano umekwisha kuchaguliwa na mwandishi wa kitabu. Maoni yetu ni kwamba mtoto hajaelewa uwiano mpaka aweze kuuchagua mwenyewe kwa kazi maalumu, na kueleza kwa nini amechagua huo na si mwingine.

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule ya Mbulu au Hanang hana haja ya kungoja vifaa kutoka mjini. Baiskeli moja yatosha. Igeuzwe, usukani na kiti viwe chini, magurudumu yawe juu. Watoto wahesabu meno ya magurudumu mawili madogo yanayoshikwa na mnyororo, ambayo mafundi huyaita sproketi. Tuseme ile ya pedeli ina meno 48, na ile ya nyuma 20. Mwalimu atie alama ya chaki kwenye tairi, kisha mtoto mmoja azungushe pedeli polepole mara 5 huku wenzake wakihesabu mizunguko ya tairi, vidole vya wote vikiwa mbali na mnyororo. Watapata 12. Hapo ndipo pa kuuliza, kabla ya kutoa kanuni yoyote: mbona yenye meno machache ndiyo inayozunguka mara nyingi? Watoto watakapoeleza kwa maneno yao wenyewe kwamba kila jino la mbele huvuta jino moja la nyuma, na kwamba 5 mara 48 ni sawa na 12 mara 20, watakuwa wameipata kanuni bila kuikariri.

Baada ya hapo ndipo lije swali kubwa. Kijana ana baiskeli, na ana injini ndogo iliyotolewa katika pampu ya maji iliyoharibika. Ataka kuifunga injini hiyo kwenye baiskeli. Je, achague sproketi za meno mangapi? Swali hili si la ndoto. Mwaka 1946, katika mji wa Hamamatsu huko Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli, kwa kuwa baada ya vita usafiri ulikuwa wa shida. Miaka miwili baadaye aliunda kampuni ambayo jina lake linafahamika vijijini mwetu mpaka leo.

Hesabu yenyewe haipiti uwezo wa mtoto wa shule ya msingi. Tuseme injini hufanya kazi vizuri ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa mita 2.2. Kama tairi lingezunguka sawa na injini, baiskeli ingetakiwa kwenda mita 6,600 kwa dakika, yaani kilomita 396 kwa saa! Darasa litacheka, na kicheko hicho ni mwanzo wa kufahamu kwamba mizunguko ya injini haina budi kupunguzwe kabla ya kulifikia tairi.

Kwa kuwa sproketi moja haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi, kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili, kwa kuweka mhimili mdogo katikati. Katika hatua ya kwanza, meno 10 ya injini huvuta meno 40 ya mhimili: mizunguko imepungua mara 4. Katika hatua ya pili, meno 12 ya mhimili huvuta meno 40 ya gurudumu la nyuma: imepungua tena mara 3⅓. Kwa jumla ni mara 13⅓. Tairi huzunguka mara 225 kwa dakika, na mwendo ni karibu kilomita 30 kwa saa. Sasa sproketi ya mwisho ibadilishwe, iwe na meno 60 badala ya 40. Jumla huwa mara 20, tairi huzunguka mara 150, na mwendo ni karibu kilomita 20 kwa saa. Mwendo umekuwa theluthi mbili ya ule wa kwanza. Lakini kani ya kuisukuma baiskeli, tukiuacha msuguano kando, imekuwa mara moja na nusu. Kilichopotea katika mwendo kimerudi katika kani.

Ni uchaguzi upi ulio sahihi? Hapa mwalimu asiwe mwepesi wa kutoa jibu. Anayesafiri katika tambarare za Basotu aweza kuridhika na meno 40. Lakini anayepanda Mlima Magara kwenda Mbulu, akiwa na gunia la mahindi nyuma yake, atajuta. Injini itaishiwa mizunguko na kupata joto, klachi itateleza na kuungua, naye atashuka na kusukuma mzigo wote, injini nayo ikiwa sehemu ya mzigo. Tena hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na injini ya namna hii hutoa nguvu pungufu kuliko ambayo ingetoa pwani. Na je, mtu akikaa mlimani na kufanya biashara tambarare? Acha watoto wabishane kwa hoja.

Kisha wakumbushwe kwamba apandaye hana budi kushuka. Breki za baiskeli zilikusudiwa mwendo wa miguu ya binadamu. Mwendo ukitoka kilomita 20 kufika 30, umeongezeka mara moja na nusu. Lakini kazi ya breki huongezeka kwa mraba wake, yaani mara 2¼. Mtoto aliyelifahamu hili amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapoketi juu ya bodaboda kwenye mteremko.

Wako watakaosema kwamba somo hili linawashawishi watoto kuunda vyombo vya hatari. La hasha! Darasa haliundi chombo chochote. Latumia baiskeli iliyogeuzwa, chaki na daftari, na mwalimu aseme wazi kwamba baiskeli yenye injini ni chombo cha moto barabarani, chenye sheria zake. Wengine watasema ni kazi ya wavulana. Wasichana wanaopanda vilima hivyo hivyo na ndoo za maji wanaujua mzigo kuliko mtu yeyote. Basi pedeli ishikwe kwanza na msichana.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aghalabu tumeuona katika shamba la shule na banda la kuku. Hayo ni mema, lakini kujitegemea huanza katika kufikiri. Kwa hiyo, mwalimu mwanafunzi, unapotayarisha andalio la somo la uwiano, weka ndani yake swali moja ambalo watoto wawili waweza kulijibu tofauti na wote wakawa na haki. Nawe usahihishapo, usiishie kwenye namba. Toa alama kwa sababu.