Hisabati inapoharibika mtandaoni, mtahiniwa wa Gusii ndiye hulipa

MTAHINIWA wa kidato cha nne aliyeko Keroka au Ogembo siku hizi hakosi karatasi za marudio. Mitihani ya mwigo inayoandaliwa kwa pamoja na shule za Kisii na Nyamira husambaa mtandaoni muda mfupi baada ya kufanywa, na majina kama Gucha, Masaba na Nyamira huonekana katika vichwa vya karatasi zinazotafutwa hata na wanafunzi walio mbali na milima ya Gusii. Taabu huanza anapoufungua ukurasa wa hisabati katika rununu ya mzazi wake.

Chukua mfano huu. Mwalimu ameandika mbili kwa kipeo cha tatu, zidisha kwa mbili kwa kipeo cha nne, jibu likiwa mbili kwa kipeo cha saba. Karatasi hiyo ikinakiliwa ovyo kutoka kwenye faili ya Word hadi kwenye tovuti, vipeo hushuka na kuketi sambamba na tarakimu nyingine. Mwanafunzi husoma kwamba 23 zidisha kwa 24 ni 27. Tatu na nusu hugeuka 312. Kumi kwa kipeo cha hasi tatu huwa 10-3, yaani saba. Logi ya nane katika msingi wa mbili husomeka kama logi ya 28. (Nimeyaandika haya kwa maneno makusudi, kwa kuwa siwezi kumhakikishia msomaji kwamba safari ya kutoka kwenye tarakilishi yangu hadi kwenye skrini yake haitazua yaleyale.)

Kosa la aina hii ni baya kuliko ukurasa usiofunguka kabisa. Ukurasa usiofunguka humrejesha mwanafunzi kwa mwalimu. Huu humpa swali jingine lililovaa sura ya swali halali, naye hushindana na jibu usiku kucha, kisha akahitimisha kwamba yeye ndiye asiyejua.

Katika nchi ya Gusii jambo hilo si dogo. Mashamba ya chai na migomba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi kijana wengi hawana cha kurithi isipokuwa karo waliyolipiwa. Shule kama Kisii School, iliyoanzishwa mwaka wa 1934, na Nyambaria kule Nyamira, iliyovuma katika matokeo ya KCSE ya mwaka wa 2022, ni fahari ya eneo zima. Wanaozitegemea karatasi za mtandaoni zaidi, hata hivyo, ni wanafunzi wa shule za kutwa zisizokuwa na vitabu vya kutosha. Isitoshe, mnamo Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika shule za upili za juu: somo kamili kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na somo jepesi zaidi kwa wengine. Mtoto aliyekata tamaa kwa sababu ya vipeo vilivyopotea huenda akaukwepa mkondo aliouweza.

Asili ya tatizo ni ya zamani. Kwa miaka mingi walimu walichapa milinganyo kwa kijiprogramu kilichokuwa ndani ya Word, ambacho Microsoft ilikiondoa Januari 2018 baada ya kugunduliwa kwamba kilikuwa na mianya ya kiusalama. Mlinganyo uliochapwa kwa chombo hicho si maandishi bali ni kitu kilichopachikwa kwenye ukurasa, na anayenakili maandishi hukiacha nyuma. Wengine hukwepa balaa hii kwa kupiga picha. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, picha za ubao zilizotumwa kwa WhatsApp ziliwafaa wengi, na sitawabeza waliozituma. Lakini picha ni nzito kwa mwenye data ya shilingi ishirini, hufifia inapokuzwa, haitafutiki, na kwa mwanafunzi kipofu anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni kimya kitupu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Sioni kwa nini karatasi ya marudio isihesabiwe humo.

Zana za kuondoa aibu hii zipo, na nyingi hazitozwi hata senti. Msingi wake ni namna ya kuandika hisabati kwa herufi za kawaida iliyotokana na TeX, programu ambayo Donald Knuth alianza kuibuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Juu ya msingi huo kuna mikabala mitatu. MathJax, iliyotokea mwishoni mwa muongo wa 2000, inamudu karibu kila alama, ila ni nzito. KaTeX, iliyotolewa na Khan Academy mwaka wa 2014, ni nyepesi na ya kasi, japo haijui kila amri. MathML ni lugha rasmi ya hisabati kwa wavuti, iliyoidhinishwa mwaka wa 1998, nayo huonyeshwa na kivinjari chenyewe bila programu ya ziada. Kwa muda mrefu kikwazo chake kilikuwa Chrome, ambacho kiliikubali mapema mwaka wa 2013, kikaitupa mwaka huohuo, na hakikuirejesha hadi Januari 2023.

Nani basi achaguliwe? Wataalamu wa Ulaya na Marekani hubishania uzuri wa herufi na kasi inayopimwa kwa vipande vya sekunde. Kwetu swali la kwanza ni simu. Rununu ambayo Chrome yake haijaboreshwa tangu kabla ya 2023 haitaipanga MathML ipasavyo. Opera Mini, inapobana data kwa kiwango cha juu, huitayarishia kurasa katika seva za mbali na kuzibana programu ambazo zingefanya kazi ndani ya simu, hivyo MathJax na KaTeX zaweza kukwama na kumwachia mwanafunzi amri tupu zenye mikwaju. Kwa maoni yangu, lililo salama zaidi ni kuandika chanzo kwa mtindo wa TeX, kisha kukigeuza kwa KaTeX kabla ya ukurasa kuwekwa mtandaoni, ili simu ipokee kazi iliyokwisha kupikwa. KaTeX huweza pia kuambatanisha MathML humo humo kwa ajili ya wasomao kwa sauti.

Lipo na suala la nani anamiliki chombo. Seva iliyokuwa ikisambaza MathJax kwa dunia nzima ilifungwa Aprili 30, 2017, na tovuti ambazo hazikuwa na mtu wa kuzishughulikia zikalazimika kutegemea hisani ya kuelekezwa kwingine. Juni 2024 hali ilikuwa mbaya zaidi: anwani ya polyfill.io, ambayo waliofuata maelekezo ya awali ya MathJax walikuwa wameinakili katika kurasa zao, ilibainika kusambaza programu hasidi baada ya kubadilisha mmiliki. Faili za KaTeX si kubwa. Zinaweza kuhifadhiwa katika seva ya mwenye tovuti, au hata katika tarakilishi moja ya shule isiyokuwa na intaneti.

Pingamizi la walimu nalijua: nani ana muda wa kujifunza amri mpya ilhali ana madaftari ya kusahihisha? Ni pingamizi la haki. Hata hivyo, milinganyo iliyochapwa kwa chombo kipya cha Word hugeuzwa na programu huru iitwayo Pandoc bila kuchapwa upya. Ile ya zamani ndiyo itakayohitaji mikono, na mikono ipo. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kina wanafunzi wa hisabati, wa tarakilishi na wa ualimu. Kuwapa karatasi za mwigo za miaka mitano wazirekebishe kama kazi ya muhula kungewafunza mengi, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ingepata hazina ya kuweka katika mtandao wake.

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Kabla ya karatasi nyingine kupakiwa, mwandalizi na aifungue kwanza katika simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa mjini Kisii, atafute swali la vipeo, na alifanye mwenyewe.