Sheria Si Siri ya Wakubwa



Marehemu Shaaban Robert (1909–1962), Mwislamu mzaliwa wa Tanga, alitoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Humo Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Katika utetezi wake anawakumbusha watawala habari za wajumbe sita waliotumwa ugenini kutafuta mema ya nchi. Kila aliyerejea na ushauri alitiwa gerezani.

Hapo imani ya mwandishi yadhihirika: sheria ni haki ya raia wote, na kiongozi asiyekubali kuambiwa huwadhuru anaowaongoza. Karama hakushika silaha. Alitoa hoja, na hoja zikawafungua wafungwa.

Somo hili latuhusu sisi viongozi wa jumuiya na parokia kwanza. Tuwafundishe wajane sheria za mirathi kabla mashamba yao hayajanyang'anywa. Na muumini akiuliza mapato na matumizi ya kigango, tusimwite mkorofi. Tutaidaije haki serikalini, ilhali kwetu wajumbe tunawafunga midomo?