Uingereza: Muziki wa Jamaika ulipokelewa mahali ambapo wenyewe walifungiwa milango

Mwezi wa Aprili 1969, wimbo « Israelites » wa Mjamaika Desmond Dekker ulishika nafasi ya kwanza kwa mauzo nchini Uingereza. Kati ya walioununua walikuwemo vijana wengi wazungu, watoto wa wafanyakazi wa viwanda. Lakini mwaka mmoja mbele ya hapo, mbunge Enoch Powell alikuwa ametoa hotuba mjini Birmingham dhidi ya wahamiaji weusi, na wafanyakazi wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono. Namna gani nchi ilipenda wimbo huku ikiwakataa wenye wimbo?

Jibu linaanzia kwenye nyumba za kupanga. Baada ya Vita ya pili ya dunia, Uingereza ilihitaji watu wa kazi. Wajamaika walifika kwa meli, wakaajiriwa katika hospitali, treni na mabasi. Ila wenye nyumba wengi waliwakatalia vyumba, jambo ambalo sheria ilikuja kulikataza mwaka 1968 tu. Vilabu vingi pia viliwafungia mlango.

Kwa hiyo walicheza muziki wao majumbani, wakitumia vipaza sauti vikubwa, na kila anayeingia analipa kidogo. Mara nyingi polisi walikuja kuvunja karamu hizo. Redio nazo ziliwapa nafasi ndogo sana. Mwaka 1962, Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island, alikuwa akizungusha santuri ndani ya gari lake kutoka duka hadi duka katika mitaa ya wahamiaji.

Ni kwa njia hiyo vijana wazungu waliusikia: kwa majirani, kwa wenzao wa shule na kiwandani, halafu katika vilabu vya Soho. Mwaka 1964 Millie Small alifika nafasi ya pili kwa « My Boy Lollipop ».

Hata hivyo, kupenda ngoma si kumpenda mpigaji. Baadhi ya vijana wenye vichwa vya kunyolewa waliocheza reggae waliwapiga Wapakistani barabarani. Na mwaka 1976, Eric Clapton, aliyepata sifa kwa kuimba upya wimbo wa Bob Marley, alimsifu Powell jukwaani. Hasira iliyofuata ilizaa kundi la Rock Against Racism. Mwaka 1978, kundi hilo lilikusanya umati mkubwa Victoria Park, London, ambapo Steel Pulse, watoto wa wahamiaji kutoka Birmingham, walipiga pamoja na The Clash.

Hapo ndipo tofauti inaonekana. Soko liliwapa vijana wazungu nyimbo. Ujirani na mapambano ya pamoja ndivyo vilivyowapa baadhi yao marafiki. Kwa upande wa serikali, deni lilibaki. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Theresa May alilazimika kuomba radhi, baada ya wazee waliofika kutoka Karibi wakiwa watoto kunyimwa kazi na matibabu, wengine hata kufukuzwa nchini, kwa kukosa makaratasi.

Nyimbo zao hazikuwahi kuombwa makaratasi.