Vumbi la jangwani linakula umeme wa jua. Je, teknolojia ya nano itaokoa jahazi?

Mapema Mei 2022, wakazi wa Baghdad waliamka wakakuta anga limegeuka rangi ya chungwa. Kwa dhoruba hiyo moja, zaidi ya watu 5,000 nchini Iraq walitibiwa hospitalini kwa matatizo ya kupumua. Ndege zilisimama. Picha zikazunguka kwenye simu dunia nzima, kisha upepo ukatulia na habari ikasahaulika.

Vumbi lenyewe halikwenda mbali. Lilitua kwenye mapaa, kwenye magari, kwenye majani ya mitende. Na huko Ghuba, Afrika Kaskazini na India, vumbi la aina hiyo linatua kila siku kwenye kitu ambacho serikali nyingi sasa zinakitegemea: paneli za sola.

Hasara hii haina king'ora cha gari la wagonjwa. Umeme unapungua kidogo leo, kidogo kesho, na mtu asipoangalia mita hajui kitu.

Jua lipo, linafunikwa tu

Kila mwaka takribani tani bilioni 2 za vumbi hupanda angani duniani, nyingi zikitoka majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Chimbuko mojawapo kubwa ni bonde la Bodélé huko Chad. Zamani lilikuwa sehemu ya ziwa kubwa. Maji yalipokauka, yaliacha unga mwembamba wa mabaki ya viumbe wadogo wa majini, mwepesi kiasi kwamba upepo unaubeba hadi ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Sasa angalia kinachotokea kwenye paneli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Joule ulikadiria kwamba uchafu juu ya paneli ulipunguza umeme wa sola duniani kwa angalau asilimia 3 hadi 4 mwaka 2018, hasara ya euro bilioni 3 hadi 5. Huo ni wastani wa dunia nzima, pamoja na Ujerumani ambako mvua huosha bure. Kwenye maeneo makavu ya Mashariki ya Kati, paneli inaweza kupoteza hadi asilimia 1 kwa siku. Piga hesabu: wiki 2 bila kufuta, zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme imekwenda.

India wameona makubwa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani na wenzao wa Gandhinagar, jimbo la Gujarat, walipima paneli zilizokuwa zikisafishwa kila baada ya wiki chache. Kila zilipooshwa, umeme ulipanda kwa karibu nusu. Walipoupima uchafu, asilimia 92 ilikuwa vumbi la kawaida, na iliyobaki ni masizi na kemikali za moshi wa magari, viwanda na majiko. Lakini hicho kidogo kilichobaki ndicho korofi. Ni chembe ndogo zaidi, zinanata, na gramu kwa gramu zinazuia mwanga kuliko vumbi.

Kwa hiyo paneli iliyoko kando ya mji ina mzigo mara mbili: jangwa linaleta vumbi, sisi tunaongeza gundi.

Maji yatoke wapi?

Mtu atasema, si zioshwe tu? Ndiyo, zinaoshwa. Watafiti wa taasisi ya MIT walikadiria mwaka 2022 kwamba kazi hiyo hutumia takribani lita bilioni 38 za maji kwa mwaka duniani, maji ambayo yangetosha mahitaji ya watu wapatao milioni 2. Na lazima yawe maji safi, maana maji ya chumvi huacha madoa meupe ambayo nayo huzuia mwanga.

Utata wenyewe ndio huu: mahali penye jua kali kuliko pote ndipo maji yalipo adimu kuliko pote. Jangwani maji yanakuja kwa lori. Lori linakunywa dizeli. Unachoma dizeli kuosha kitu ulichonunua ili uachane na dizeli.

Wenye uwezo wamehamia kwenye roboti. Kituo cha Noor Abu Dhabi, chenye megawati 1,177 na paneli zaidi ya milioni 3, hufutwa na roboti za brashi kavu bila tone la maji. Inafanya kazi. Ila brashi kavu juu ya mchanga, mwaka baada ya mwaka, inaweza kukwaruza kioo, na roboti nazo zinahitaji fundi, betri na vipuri. Kwa kampuni ya Abu Dhabi hilo si tatizo. Kwa kituo cha wastani Afrika ni hesabu nyingine.

Hapa ndipo nano inapoingia

Nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako una unene wa nanometa 80,000 hivi. Watafiti wanatengeneza tabaka na chembe za ukubwa huo na kuzipaka juu ya kioo ili vumbi lisishike, au lishike kidogo.

Njia ya kwanza inaiga jani. Mwage maji kwenye jani la yungiyungi au la mgimbi: yanaviringika kama shanga na kuondoka na uchafu. Kioo kikipewa vinundu vidogo vya namna hiyo, kinafanya vivyo hivyo. Njia ya pili ni kinyume chake: kioo hupakwa oksaidi ya titani, ambayo mwanga wa jua ukiigusa huvunjavunja uchafu wa mafuta, na maji yakija yanatandazika na kuusomba wote. Vioo vya madirisha vya aina hii vimekuwa sokoni tangu mwaka 2001.

Umeona kasoro? Zote mbili zinasubiri maji. London zinafaa sana. Sehemu ambayo haioni mvua kwa miezi 8, jani la yungiyungi halina cha kuviringisha.

Kuna jambo baya zaidi, na wauzaji wa rangi hizi hawapendi kulizungumzia: umande. Usiku jangwani paneli inapoa kuliko hewa, umande unatua, unalowesha vumbi, chumvi zilizomo zinayeyuka. Jua likitoka, maji yanakauka na chumvi inabaki ikiwa imegandisha vumbi kama saruji. Siku chache za mzunguko huo na upepo hauwezi tena kulipeperusha. Mvua ndogo, ile ya manyunyu, huongeza tope tu.

Njia ya tatu ndiyo naiona ya maana zaidi kwa jangwa, kwa sababu haihitaji maji. Ndiyo hao hao wa MIT waliyoitangaza mwaka 2022. Walipaka juu ya kioo tabaka la nanometa chache tu, lisiloonekana kwa macho, linalopitisha umeme. Kisha bamba lenye umeme wa volti kubwa linapita juu ya paneli bila kuigusa. Chembe za vumbi zinapata chaji, kioo kinazisukuma, zinaruka zenyewe. Hakuna brashi, hakuna mkwaruzo. Katika majaribio ya maabara, paneli ilirudishiwa hadi asilimia 95 ya umeme uliokuwa umepotea.

Kabla hujashangilia, soma masharti. Matokeo hayo ni kwa chembe zenye ukubwa wa zaidi ya mikroni 30 hivi, na unyevu wa hewa ukiwa juu ya asilimia 30. Hewa ikiwa kavu kupita hapo, vumbi linakuwa gumu kuondoka. Watafiti wenyewe wanasema jangwa nyingi hufikia unyevu huo alfajiri, kwa hiyo kazi ingefanywa saa hizo. Sawa. Lakini vumbi linalosafiri mbali, lile linaloruka kutoka Sahara hadi Ulaya, kwa sehemu kubwa ni la chini ya mikroni 20. Yaani mchanga mkubwa wa jirani unaondoka, unga mwembamba wa mbali ndio unaobaki. Na huo unga ndio unaofunika mwanga zaidi kwa kila gramu.

Hapo bado hatujauliza swali la muda. Paneli inauzwa kwa ahadi ya miaka 25. Tabaka la nanometa chache, likipigwa mchanga kila msimu wa shemali ya Ghuba, litadumu miaka mingapi? Na likimomonyoka, zile chembe za nano zinaishia wapi, kwenye udongo au kwenye kisima? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwenye meza ya maabara. Yanapatikana nje, kwa kusubiri.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, nguvu nyingi inapelekwa pasipostahili. Habari kubwa za sola siku hizi ni za ufanisi wa seli. Seli za perovskaiti zilianza na asilimia 3.8 mwaka 2009 na leo zimevuka 26 maabara. Hongera kwao. Lakini ifunike seli ya asilimia 26 kwa vumbi linalozuia sehemu ya tano ya mwanga, umebaki na chini ya 21. Vumbi halijali chini yake kuna seli gani.

Vihisi navyo vinapofushwa

Upande wa pili wa utafiti huu ni vihisi, yaani vifaa vya kupima hewa. Vifaa vya nano havikuanza leo hapa. Kengele nyingi za kuvuja kwa gesi ya jikoni hutumia oksaidi ya bati, teknolojia iliyozaliwa Japani miaka ya 1960. Chembe za oksaidi hiyo, zikiwa na joto kali, hukamata oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo hushikilia elektroni. Gesi ikivuja inaila ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, umeme unapita, kengele inalia. Ukizifanya chembe ndogo zaidi, eneo la kukamata gesi linaongezeka na kihisi kinanusa hata kiasi kidogo sana. Jangwani vumbi huziba vitundu vya kuingizia hewa, na kihisi kikali kinaanza kusoma pole pole au vibaya.

Kwa vumbi lenyewe hutumika kifaa kingine: kijitaa cha leza kinachohesabu chembe zinapopita. Vifaa vya bei nafuu vya aina hii vimeenea Afrika kwa sababu mashine rasmi ni bei mbaya. Tatizo ni kwamba vingi vinasoma vizuri moshi, si vumbi. Chembe za moshi ni ndogo. Za jangwani nyingi ni kubwa kuliko mikroni 2.5, feni ndogo ya kifaa haizivuti vyema na leza haizioni sawasawa. Matokeo yake, siku ambayo upeo wa macho umeishia mita 200, kifaa kinaweza kukuonesha namba ya kawaida tu.

Hili si suala la wataalamu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembe zenye ukubwa wa hadi mikroni 10 zisizidi mikrogramu 45 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku. Mwalimu anayeamua kama watoto watoke nje wakati wa harmattan huko Dakar au Niamey anahitaji namba ya kweli. Na mwenye kituo cha sola anayetaka kujua aoshe leo au asubiri anahitaji namba hiyo hiyo.

Dawa yake inajulikana, si ya kimiujiza: weka kifaa cha bei nafuu kando ya mashine rasmi, kwenye hewa ya mahali husika, ujue kinakosea kwa kiasi gani, kisha usahihishe. Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kimefanya kazi ya namna hiyo Kampala kupitia mradi wa AirQo, unaotengeneza vifaa vya kustahimili vumbi na joto la miji yetu. Usahihisho wa Kampala, ambako kuna moshi wa bodaboda na vumbi jekundu la barabarani, hauwezi kuhamishiwa Ndjamena hivi hivi.

Kwetu inahusu nini?

Kenya ilizindua kituo cha sola cha Garissa cha megawati 50 mwaka 2019, kwenye eneo kame. Oman ina Ibri II, megawati 500, tangu 2022. Vitakuja vingine, na mara nyingi vitajengwa pale pale penye jua kali, upepo na maji haba. Wanaosaini mikataba wangefanya vema kuuliza mambo yasiyokuwa kwenye tangazo: rangi hii ya nano ilijaribiwa wapi? Kwa vumbi la hapa, au kwa vumbi la kununua linalotumika maabara? Kwa miezi mingapi nje? Vumbi la Gujarat lina masizi, la Ghuba lina chumvi na chokaa, la Bodélé ni unga wa ziwa. Kioo kinachoshinda moja kinaweza kushindwa na jingine.

Kwa mwenye paneli moja juu ya bati, kando ya barabara ya vumbi, nano bado iko mbali. Osha alfajiri au jioni, paneli ikiwa imepoa, kwa sababu maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Mwaga maji kwanza vumbi liondoke, ndipo upitishe kitambaa laini. Usisugue kikavu. Maji ya mvua uliyokinga ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, na kwa paneli ndogo ndoo moja inatosha.