Ngumi za mpelelezi na usingizi wa mtoto

Jumamosi mpwa wangu wa miaka sita alilala kwangu. Nilikuwa naangalia The Roundup, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2022, mwendelezo wa The Outlaws ya 2017. Ma Dong-seok ni mpelelezi mwenye mikono kama magogo, anayemfuata mhalifu hadi Vietnam. Ngumi moja, mtu chini. Tulicheka, nikamwacha akae.

Saa nane usiku akanigongea mlango akilia. "Mama mdogo, yule wa panga yuko wapi?"

Kumbe ngumi hazikumtisha. Kilichomtisha ni yule muuaji anayeteka watu ili apate fedha.

Nilikosea. Vichekesho vilinisahaulisha kwamba hata huko Korea filamu hii ni ya kuanzia miaka 15. Mtoto wa umri ule bado anachanganya maigizo na ukweli, na hofu ya jioni humnyima usingizi.

Mzazi, kabla ya kubonyeza, soma umri uliowekwa. Ukiwa na shaka, itazame kwanza peke yako. Zima runinga na simu saa moja kabla ya mtoto kulala.

Kama ameshaona, usimwite mwoga. Muulize ni kipi kimemtisha, mweleze kwamba wale ni waigizaji na damu ile si ya kweli, kisha kaa naye hadi apitiwe na usingizi. Ndoto mbaya zikiendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

Mpelelezi nitamwangalia mtoto akishalala.